Funguo za boma: kisa cha klabu ya historia iliyojaribu kumrudisha Mjerumani Moshi

Angalizo

Kisa hiki kilitokea katika shule moja ya sekondari mjini Moshi. Majina ya shule, ya wanafunzi na ya walimu wenzangu nimeyaondoa, na mambo mawili matatu ambayo yangemfanya mtu wa Moshi aseme "huyu namjua" nimeyabadilisha. Historia yenyewe sikuigusa. Nimewaandikia walimu wa historia na walezi wa klabu wanaofikiria kujaribu zoezi la historia mbadala, na ni vizuri wajue tangu mwanzo kwamba karibu nusu ya makosa yanayosimuliwa hapa ni yangu.

Usuli

Klabu ilikuwa na wanafunzi ishirini na kitu, wengi wao wa kidato cha tano wanaosoma HGL na HKL, michepuo yenye somo la historia. Mlezi wao, ambaye nitamwita Madam kama wanavyomwita wenyewe, alinialika niwasaidie kwa Jumamosi tatu. Shida aliyonieleza ni ile ile ya kila mahali: watoto wanaijua historia kama orodha ya sababu sita na athari saba, wanaikariri, wanaimwaga kwenye mtihani, basi. Kijana mmoja, mpenzi wa michezo ya kompyuta ambamo mchezaji huendesha dola na kurejesha makoloni yaliyopotea, ndiye aliyetoa wazo. "Madam, kwa nini tusicheze ya kwetu? Mjerumani angerudi Tanganyika, ingekuwaje?"

Swali lake lina mizizi. Kwa kifungu cha 119 cha Mkataba wa Versailles wa 1919, Ujerumani iliachia makoloni yake yote, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ikawa Tanganyika, chini ya udhamini wa Uingereza kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa. Aliyenyang'anywa hakusahau. Heinrich Schnee, gavana wa mwisho wa Kijerumani, aliendelea kuandika kwamba nchi yake ilisingiziwa na kudhulumiwa, akaja kuongoza chama cha wapenda makoloni huko kwao. Kuanzia 1925 Wajerumani waliruhusiwa tena kuingia Tanganyika, wakapata mashamba Oldeani, Arusha na chini ya Kilimanjaro. Mwaka 1936 vyama vya kudai makoloni viliunganishwa kuwa kimoja, Reichskolonialbund, chini ya Franz Ritter von Epp wa chama cha Nazi. Nao walowezi wa Kiingereza, kwa hofu ya kutolewa kama chenji, waliunda Tanganyika League mwaka 1938 kupinga nchi kurudishwa.

Kuna tarehe moja ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuisikia: 3 Machi 1938. Siku hiyo balozi wa Uingereza mjini Berlin, Nevile Henderson, alimweleza Hitler kwamba serikali ya Chamberlain iko tayari kuzungumzia mpango mpya wa makoloni katika Afrika ya kati. Hitler hakuonyesha haraka. Alisema jambo hilo linaweza kusubiri miaka. Siku tisa baadaye majeshi yake yaliingia Austria. Tarehe hiyo nitairudia, maana niliielewa nikiwa nimechelewa.

Kwa upande wetu, shule iko mwendo wa daladala moja kutoka Old Moshi, aliponyongwa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, pamoja na wenzake tarehe 2 Machi 1900. Watoto wale wamekua wakisikia habari za fuvu lake linalotafutwa Ujerumani. Nilidhani hilo lingerahisisha kazi.

Njia panda iliyochaguliwa

Kanuni tuliyoweka ni moja: badilisha jambo moja tu, mengine yote yabaki kama yalivyokuwa. Wanafunzi walileta mapendekezo matatu. Ujerumani ishinde vita ya 1914 hadi 1918. Mkataba wa 1919 uwe mpole, uiachie Afrika Mashariki. Au mkutano wa Munich wa Septemba 1938, uliokata kipande cha Chekoslovakia, uongezewe kifungu cha kukata Tanganyika.

Pendekezo la kwanza Madam alilikataa papo hapo. Ukibadilisha vita nzima, alisema, hujui tena unachopima. La pili lilikufa kwa sababu lisingekuwa na kurudi: asiyeondoka harudi, na wao walitaka kurudi. Ikabaki Munich.

Nikaandaa meza nne: London, Berlin, Geneva kwa ajili ya Shirikisho la Mataifa, na Walowezi. Kila meza ilipewa karatasi ya malengo. Ya Berlin iliandikwa "rudisha koloni". Wenyeji wa Tanganyika sikuwapa meza. Niliwapa dadu. Kila baada ya duru ningeirusha: ikitoka moja hadi nne wenyeji wametulia, ikitoka tano au sita kuna vurugu mahali fulani na aliyeshika nchi analipa gharama. Wakati ule niliona ni ubunifu mzuri, hata nilijisifu kwa Madam kwamba mchezo umekaa mwepesi.

Kikao cha kwanza

Berlin ilimaliza kazi ndani ya dakika arobaini. London ilijitetea kwa ramani, ikionyesha jinsi Tanganyika inavyounganisha Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, lakini karatasi yake ya malengo ilisema "epuka vita Ulaya", na wale vijana walikuwa waaminifu kwa karatasi. Geneva ilisoma kifungu cha 22 cha mkataba wa Shirikisho la Mataifa na kudai kwamba nchi ya udhamini haiuzwi kama mbuzi. London ikajibu kwa swali moja: mlifanya nini Mussolini alipoingia Ethiopia mwaka 1935? Geneva ikakaa kimya, na ilikaa kimya karibu mchezo wote. Walowezi walipiga kelele. Dadu ikatoa mbili, tatu, moja. Wenyeji wametulia.

Nilikuwa nimechora boma, yaani ofisi ya serikali ya wilaya, kwenye kadi, na hiyo ndiyo ilikuwa alama ya nchi. London ikaikabidhi Berlin, darasa likapiga makofi. Nikaanza kukusanya karatasi.

Msichana mmoja wa meza ya Geneva, aliyekuwa amekaa bila kazi kwa muda mrefu, akanyoosha mkono. "Samahani sir. Funguo za boma anazitoa nani?"

Nikamjibu: DC.

"Huyo DC anamkabidhi nani? Karani wake anabaki au anaondoka? Na yule askari wa mlangoni, kesho asubuhi anampigia nani saluti?"

Darasa likacheka, mimi pia nikacheka, tukaenda kunywa chai. Lakini swali lilinifuata mpaka nyumbani.

Kikao cha pili

Tulikuwa tumepanga kumwalika mzee mmoja wa upande wa Old Moshi, amepita miaka themanini, ambaye baba yake alilima kahawa tangu enzi za Mwingereza. Alikuja na koti lake, akaamkiwa shikamoo na darasa zima, akapewa soda na andazi, akakaa. Kijana wa Berlin akamweleza mchezo kwa heshima zote: babu, hapa tumesema Mjerumani amerudishiwa nchi mwaka 1938.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na kahawa wanapeleka wapi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Katika mchezo wangu hakukuwa na kahawa. Ikabidi nisimame ubaoni na kueleza nilichopaswa kueleza wiki iliyopita. Jeshi la Smuts, jenerali wa upande wa Waingereza, lilipoingia Moshi Machi 1916, Mchagga mwenye mibuni kihambani kwake alikuwa wa kuhesabika. Miaka iliyofuata ndiyo iliyougeuza mlima. Walowezi walilalamika miaka ya 1920 kwamba Mwafrika asiachiwe kulima arabika, na wakulima wakajibu kwa kuunda chama chao mwaka 1925, KNPA. Mwaka 1933 ikaja KNCU, muungano wa vyama vya msingi, wenye mizani, vitabu vya hesabu na makarani wanaojua bei. Mwaka 1926 sheria ya mamlaka za wenyeji ilikuwa imewapa mamangi mahakama na hazina zao, na mwaka 1929 reli ambayo Mjerumani aliifikisha Moshi mwaka 1911 ilikuwa imesogezwa mpaka Arusha. Mjerumani wa 1938 angeshuka stesheni ile ile aliyoijenga na kukuta mji asioujua.

Yule msichana wa funguo akasema kwa sauti ya chini, kama anaongea na daftari, "Kwa hiyo hawarudi. Wanakuja."

Ningependa kikao kingeishia hapo. Mzee akaendelea. "Nyie mnasema kurudi kana kwamba hawajawahi kurudi. Hapa walishapigwa wakaondoka, wakarudi." Akasimulia ya Juni 1892: vijana wa Mangi Meli walilishinda jeshi la Wajerumani, kamanda wao von Bülow akafa kwa majeraha, wazungu wakahama kituo chao mlimani. Mwaka mmoja na ushee baadaye, Agosti 1893, gavana von Schele akaja mwenyewe na jeshi kubwa, Marealle, mangi wa Marangu, akiwa upande wake, Meli akashindwa.

Kijana mmoja wa nyuma akaropoka, "Si ndio hao Marangu, wazee wa kufungua mlango!" Kicheko kikalipuka. Mwingine akaongeza neno "wasaliti". Mimi nilikuwa naangalia darasa lililochangamka kuliko nilivyowahi kuliona, nikaacha. Walicheka tena. Msichana wa funguo, ambaye nilikuwa sijui kwao ni wapi, akafunga daftari akatoka. Kwao ni Marangu.

Madam alimfuata nje. Aliyenyamazisha darasa ni mzee, si mimi. Alimgeukia yule kijana bila kupandisha sauti. "Wewe kwenu Old Moshi, eeh? Mwaka 1891 Mjerumani Wissmann alipokwenda kumpiga Sina wa Kibosho, waliomsindikiza walitoka kwa nani? Walitoka kwa Rindi, baba yake Meli. Sisi tulitangulia. Kila mangi alikuwa na adui yake, na mzungu alikuwa anauza ulinzi."

Nilikuwa najua habari hizo zote mbili. Sikuwa nimewahi kuziweka mezani pamoja.

Maamuzi tuliyofanya wiki ile

Mimi na Madam tulikutana Jumatatu. La kwanza halikuchukua dakika: dadu iondoke, mlima upewe meza. Sababu yangu ilikuwa ya ufundi kuliko ya kisiasa. Dadu ilikuwa imewafanya watu laki kadhaa wawe hali ya hewa, na hali ya hewa haiulizi bei ya kahawa.

La pili lilimhusu msichana. Nilitaka tumwombe aongoze Meza ya Mlima, kama njia ya kumrudishia heshima mbele ya wenzake. Madam alipinga: ni kumtwika mzigo wa kuwasafisha Marangu wote, na yeye ana miaka kumi na saba. Akaenda kumuuliza anataka nini. Jibu lilitushangaza wote wawili. Alitaka kuhamia Berlin. "Nataka kujua wanawaza nini wakimtafuta mtu wa kuwafungulia." Tukakubali. Kijana aliyeropoka aliitwa, akaomba radhi, na hatukumlazimisha afanye hivyo mbele ya darasa. Tuliona radhi ya jukwaani ingekuwa kichekesho kingine.

La tatu lilitoka kwa mkuu wa shule. Alikuwa amesikia kwamba kuna bendera yenye alama ya Nazi mezani, akauliza kama tunamsifu Hitler. Alikuwa na haki ya kuuliza. Bendera tuliitoa, lakini badala ya kuiacha Berlin safi tuliiwekea karatasi mbili. Ya kwanza ilieleza sheria za Nuremberg za 1935 zilizogawa watu kwa damu. Ya pili ilimhusu Carl Peters, ambaye Waswahili walimbandika jina la Mkono wa Damu. Peters alikuwa kamishna wa Kilimanjaro mwaka 1891, kituo chake kikiwa Marangu hapo hapo, akaamuru kunyongwa kwa mtumishi wake Mabruk na msichana Jagodja. Serikali yake yenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897. Mwaka 1937, miaka karibu ishirini baada ya kufa kwake, Hitler alimrudishia heshima. Berlin inayotaka kurudi mwaka 1938 ndiyo hiyo, na anayecheza Berlin sharti ajue anacheza nani.

La nne ni hati ya makabidhiano. Kila mtumishi wa umma anaijua: ukihama kituo unaorodhesha unachoacha, anayepokea anakagua, mnatia saini. Tukatoa fomu yenye mistari saba: pesa, ardhi, kahawa, mahakama, askari, reli, madeni. Berlin haikuruhusiwa kutangaza ushindi mpaka kila mstari uwe na saini ya mtu anayeishi Tanganyika. Wazo hili ni la msichana wa funguo kwa asilimia mia. Sisi tuliligeuza fomu tu.

Kikao cha tatu

Mistari miwili ilikwenda haraka, mmoja kwa kicheko. Berlin ilidai reli ni yake. Meza ya Mlima ikajibu, "Yenu inaishia Moshi, Arusha mtapanda punda." Kwenye pesa, Berlin ilipendekeza kurudisha rupia na heller, ikaambiwa kwamba hela imebaki mdomoni, mfukoni ni shilingi. (Mwanafunzi mmoja aliongeza kwamba na "shule" ni neno la Kijerumani, kwa hiyo wamekwishalipwa.) Mahakama na askari ilikwama kwa muda, hasa Meza ya Mlima ilipoandika kwa herufi kubwa kwamba hamsa ishirini hairudi, yaani vile viboko ishirini na tano ambavyo wazee hawakuvisahau.

Ardhi iliifungulia Berlin vita isiyoitarajia. Mashamba ya Wajerumani yalitaifishwa baada ya vita kama mali ya adui, yakauzwa, na katika ukanda huu wanunuzi wengi walikuwa Wagiriki na Wahindi. Meza ya Walowezi, ambayo tangu mwanzo ilikuwa inaongea kwa sauti moja, ikapasuka: Wajerumani wa Oldeani walitaka mashamba ya zamani yarudishwe kwa wenyewe, Wagiriki wakauliza wenyewe ni nani ikiwa hati wanazo wao. Berlin haikuweza kumfurahisha mmoja bila kumpoteza mwingine. Nilikuwa sikutarajia Wagiriki wa Moshi wawe mwiba mkali kuliko serikali ya London.

Halafu ikaja kahawa, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mchezo ulipopata akili.

Msichana wa Marangu, sasa akiwa mjumbe wa Berlin, alijaribu kwanza kuandika barua kwa mangi kama alivyofanya Mjerumani wa 1893. Aliandika mistari mitatu akafuta. Mwaka 1893 Mjerumani alikuwa na kitu cha kumuuzia Marealle: ulinzi dhidi ya Moshi. Mwaka 1938 ulinzi dhidi ya nani? Moshi na Marangu walikuwa wanapima kahawa kwenye mizani ya muungano mmoja. Alikaa na kalamu mdomoni karibu robo saa. Kisha akaomba kitabu, akatafuta, akakuta ghasia za 1937.

Mwaka ule wakulima wengi wa mlimani walichachamaa kwa sababu sheria ziliwalazimisha kuuza kahawa kupitia KNCU peke yake, na mamangi ndio waliotumwa kuzisimamia. Kumbe kulikuwa na ufa. Akaandika barua mpya, safari hii si kwa mangi bali kwa mkulima: Berlin itakuruhusu uuze kahawa yako popote unapotaka.

Meza ya Mlima ikagawanyika papo hapo. Wawili wakasema tusaini. Wengine wakawaita majina, na safari hii nilisimama mara moja nikakumbusha kwamba Sina, Rindi na Marealle kila mmoja alikuwa na sababu yake. Majadiliano yalichukua nusu saa bila mimi kuingia tena. Mwishowe kijana wa Old Moshi, yule yule aliyeropoka, akauliza lile swali la mzee kwa namna yake: "Sawa, tunauza popote. Nyie mtatulipa kwa pesa gani?"

Madam alikuwa amejiandaa. Akatoa maelezo ya Mpango Mpya wa Hjalmar Schacht wa 1934. Ujerumani ilikuwa haina fedha za kigeni za kutosha, kwa hiyo ilinunua mazao ya nje, ikiwemo kahawa ya Brazil, kwa akaunti maalumu ambazo muuzaji hawezi kuzitumia ila kununua bidhaa za Kijerumani. "Yaani," akasema kijana wa Mlima, "nauza kahawa, nalipwa daftari la kukopa kwenye duka lao." Berlin ikakubali kwamba ndivyo. Wale wawili wakafuta saini zao.

Kengele ikalia Berlin ikiwa na boma, stesheni na nusu ya walowezi. Mlima haukuwa wake, na mstari wa madeni hakuna aliyeugusa.

Matokeo

Hakukuwa na mshindi, na hilo liliwakera baadhi yao. Mpenzi wa michezo ya kompyuta alisema waziwazi kwamba vikao viwili vya mwisho vilikuwa kazi ya darasani iliyovikwa kofia. Sidhani amekosea sana. Wanafunzi wanne waliandika insha bila kuambiwa, mmoja akiwa msichana wa Marangu, aliyeandika kama afisa wa Kijerumani anayetuma ripoti Berlin kueleza kwa nini amekaa bomani miezi sita bila kupata mtu wa kunywa naye chai. Mkuu wa shule aliisoma, akaruhusu klabu iendelee. Urafiki wa yule msichana na kijana wa Old Moshi siwezi kusema umepona. Nilichoona ni kwamba kwenye kikao cha tatu walibishana kwa nusu saa juu ya kahawa na hakuna aliyetoka.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote hakikuwa kwenye mpango wangu: maswali mawili ya kawaida kabisa, funguo anatoa nani na kahawa inakwenda wapi. Historia mbadala nyingi huandikwa kutoka juu, pale wakubwa wanapotia saini, na msomaji anaachwa aamini kwamba nchi imehama mkono kama kadi. Hati ya makabidhiano iliwalazimisha wanafunzi washuke kutoka Munich mpaka kwenye mizani ya chama cha msingi. Huko chini ndiko waligundua kwamba miaka 22, kutoka 1916 hadi 1938, ilikuwa imeondoa kitu chenyewe kinachodaiwa. Hata mdai alikuwa mwingine: wa 1914 alikuwa na Kaiser na rupia, wa 1938 alikuwa na sheria za Nuremberg na daftari la mkopo.

Kuweka njia panda moja tu kulisaidia pia. Laiti tungebadilisha vita nzima, swali la kahawa lingejibiwa kwa kubuni.

Sasa mabaya. Dadu nimekwishaisema. Kosa la pili ni lile la kuacha kicheko, na sababu yangu ya kuacha ndiyo inayonisumbua: nilidhani darasa lililochangamka ni darasa linalojifunza. Habari ya Rindi na Wissmann nilikuwa nayo kichwani. Ingetoka kinywani mwangu dakika moja mapema, yule msichana asingefunga daftari. Anayefundisha historia ya Kilimanjaro bila kuweka 1891 na 1893 kando kwa kando anawapa watoto silaha, na watoto wataitumia.

Kosa la tatu liko ndani kabisa, na hakuna mwanafunzi aliyeligundua. Niliiandikia Berlin lengo "rudisha koloni". Lakini tarehe 3 Machi 1938 inaonyesha kwamba Berlin ya kweli ilipotajiwa makoloni haikunyoosha mkono. Hitler alikuwa anaitazama Ulaya ya mashariki, na madai ya makoloni yalimfaa zaidi yakiwa hayajajibiwa, kama deni unalolidai ili mwenzio aone aibu kukunyima kitu kingine. Nilimpa mchezaji hamu ambayo mwenyewe halisi hakuwa nayo. Karatasi ya Berlin ilipaswa kuwa na lengo la siri: koloni ni chambo, samaki yuko kwingine. Kikao cha kwanza kingekwenda tofauti kabisa, na pengine London ingejikuta imebeba kadi ya boma mkononi, inatafuta mtu wa kuipokea.

Meza ya Geneva nayo tuliiua njaa. Watoto watano walikaa saa nzima wakilinda kifungu kimoja. Ni kweli kwamba Shirikisho lenyewe lilikuwa hivyo kufikia 1938, lakini ukweli huo haumsaidii mtoto aliyeamka asubuhi ya Jumamosi.

La mwisho nililetewa na wanafunzi wawili wanaotoka Arumeru. Walisubiri wenzao waondoke, wakaniambia kwa adabu kwamba watu wa Moshi mnajiona nyie ndio Tanganyika yote. Wana hoja. Arusha ilikuwa kwenye ramani yetu kama mwisho wa reli na mashamba ya walowezi, basi, ilhali boma la Kijerumani bado limesimama pale mjini, sasa ni makumbusho, na kumbukumbu ya Wameru juu ya Mjerumani inaanzia Oktoba 1896, walipouawa wamishonari wawili wa Kilutheri na jeshi likaja kulipiza. Muhula ujao wameomba kuendesha wao. Nimewaambia waanzie hapo 1896, wamtafute mzee wao mapema, na hati ya makabidhiano iwe mezani kabla ya kadi ya boma.